Parsaloi Ole Gilisho: Kiongozi Aliyelelewa na Watu Wake

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Nyahururu hupita bonde la Subukia, kisha njia humpandisha ukingo wa Laikipia. Leo huona mashamba ya mahindi kulia na kushoto, wala si rahisi kumpitikia moyoni kwamba nchi hii ya Bonde la Ufa, Naivasha na Nakuru na viunga vyake, ilikuwa malisho ya Wamasai. Twapenda kumweleza ndugu msomaji khabari za mtu mmoja katika watu wale, Parsaloi Ole Gilisho, ambaye Waingereza katika maandishi yao walimwita Legalishu. Hakuwa mtu wa dini yetu wala wa pwani yetu. Lakini maisha yake yana funzo kwa kila atakaye kuona watu wa bara wakiinuka.

Wamasai ni wafugaji wa kuhamahama, mfano wa Mabedui wa Arabuni. Hawakuwa na mfalme wala liwali. Kila rika la vijana lilikuwa na msemaji wake, waitwaye laigwanan. Mtu huyu huteuliwa angali kijana, baada ya wazee kumpeleleza ukoo wake, tabia yake na utulivu wa ulimi wake. Kisha hukabidhiwa rungu jeusi kuwa alama ya amana. Hana amri ya peke yake. Kazi yake ni kusikiliza baraza mpaka shauri liive, ndipo alitamke kwa niaba ya wote. Akipotoka, wenziwe wapo kumrudi. Hiyo ndiyo madrasa aliyosomea Ole Gilisho, naye akawa laigwanan wa rika la Il-Tuati katika Wamasai wa Purko. Alikua katika zama za msiba, miaka ya 1890, sotoka ilipoua ng'ombe na ndui ikaua watu.

Reli ilipofika ziwa Nyanza mwaka 1901, serikali ya Kiingereza ilitamani ardhi ya Bonde la Ufa iwape walowezi. Ikatafuta mtu mmoja wa kuzungumza naye, ikamfanya Olonana mwana wa Mbatian kuwa mkubwa wa Wamasai wote. Olonana alikuwa laiboni, yaani mtu wa kuagua na kuombea. Heshima yake ilikuwa kubwa, lakini kutawala hakukuwa kazi yake katika desturi zao. Tarehe 10 Agosti 1904 mkataba ukafanywa, na Ole Gilisho akatia alama yake pamoja na wakubwa wengine. Wamasai wakaondoka bondeni. Baadhi wakapelekwa kusini, na wengine, akiwamo Ole Gilisho, wakapanda Laikipia. Wakaahidiwa kwamba mkataba ule utadumu muda wote watakaokuwapo Wamasai duniani.

Ahadi hiyo haikutimiza miaka saba. Olonana alifariki Machi 1911, na mwezi uliofuata ukaletwa mkataba mwingine wa kuwatoa Laikipia nako. Ole Gilisho alikuwa amepinga, lakini alishurutishwa mpaka akatia alama yake tena. Safari ya mwaka ule ikakwama kwenye milima ya Mau. Mvua na baridi zikawakuta njiani, na wanyama wengi wakafa, na watu pia. Serikali ikasimamisha uhamisho, kisha ikaurudia mwaka 1912 na kuumaliza 1913.

Hapa ndipo lilipodhihiri lile alilolelewa nalo. Alikuwa na vijana wenye mikuki, na damu ingaliweza kumwagika. Naye akachagua kwenda kwa kadhi wa Waingereza wenyewe. Wamasai wakamweka wakili, na kesi, iliyopewa jina la Ole Njogo, mmoja wa wadai, ikasikilizwa katika Mahakama Kuu, Mombasa, mwaka 1913. Walidai kwamba mkataba wa 1904 ungali na nguvu, na kwamba waliotia alama ule wa 1911 hawakuwa na haki ya kuwafunga wote. Jaji akasema kwamba mikataba hiyo ni mapatano ya dola na dola, na mahakama haina mamlaka nayo. Rufaa ya Desemba ikaishia hapo hapo. Ajabu ilioje! Watu waliohamishwa kama raia wasio na kauli waliambiwa mahakamani kuwa wao ni dola ngeni.

Ole Gilisho aliishi kusini na watu wake hata alipofariki mwaka 1939. Ardhi hakuirudisha, lakini neno lake halikufa: mwaka 2004, mkataba wa kwanza ulipotimiza miaka mia, Wamasai waliandamana kuidai Laikipia.

Tukiyapima maisha haya twaona mambo mawili. La kwanza, kiongozi aliyepandishwa na watu wake hurudi kwao kwa shauri na hubeba mzigo wao, lakini aliyevishwa kilemba na wageni huulizwa na wageni. La pili, malezi mema bila elimu ya kusoma ni ngao yenye tundu. Ole Gilisho alitia alama mara mbili kwenye karatasi za lugha ya kigeni, akitegemea ulimi wa mkalimani.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwataka Ansari wachague wenyewe manakibu kumi na wawili. Na Malik bin Huwayrith na vijana wenziwe walipokaa kwake siku ishirini, hakuwazuia Madina, bali aliwarejesha kwao wakafundishe. Basi sisi watu wa miji ya pwani, tuchangapo kwa ajili ya ndugu zetu wafugaji wa bara, tusidhani kwamba kuchimba kisima na kumweka mtu wetu juu yake kumetosha. Tuwaulize wao ni nani wanayemwamini. Kisha tumsomeshe huyo dini na hisabati na sheria za nchi, na tumrejeshe kwao. Kisima kisicho na mwenyewe hufukiwa na mchanga mara mgeni aondokapo.