Akii-Bua: Bingwa aliyezaliwa na jasho la mazoezi

Na Mwandishi Wetu, Songea

KIJANA wa Songea anayepanda vilima vya Matogoro kutafuta pumzi ana mengi ya kujifunza kwa marehemu John Akii-Bua, askari polisi wa Uganda aliyeushangaza ulimwengu mwaka 1972.

Akii-Bua alizaliwa Desemba 3, 1949. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, mwaka 1970, aliambulia nafasi ya nne katika mbio za mita 400 za kuruka viunzi.

Hakukata tamaa. Chini ya kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, alikimbia akiwa amevaa fulana yenye uzito wa takriban kilo 11, huku akiruka viunzi virefu kuliko vya mashindano.

Katika fainali ya Olimpiki mjini Munich alipangiwa njia ya kwanza, ambayo kona zake ni kali kuliko zote. Alimaliza kwa sekunde 47.82, akiwa binadamu wa kwanza kukimbia chini ya sekunde 48, na kumvua ubingwa David Hemery. Uganda ilipata dhahabu yake ya kwanza. Ya pili ililetwa na Stephen Kiprotich mwaka 2012.

Hata hivyo, jasho pekee halitoshi. Mwaka 1976 Uganda ilisusia Olimpiki ya Montreal, naye akakosa nafasi ya kutetea taji. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, alikimbilia Kenya.

Alifariki dunia Juni 20, 1997, akiwa na umri wa miaka 47, na kuzikwa kwa heshima za kitaifa.