William Jones, Shemasi Aliyebaki na Kundi
Katika jubilii hii tunamkumbuka William Jones. Alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akalelewa India, kisha akaja kutumika Rabai. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimwekea mikono kuwa shemasi, wakafunga safari ya Uganda kwa miguu, wakipitia huku kwetu, Ngong. Huko Mumias askofu alitangulia na watu 50, Jones akaachiwa wengine. Mwezi wa Oktoba askofu aliuawa Busoga. Jones hakuliacha kundi. Februari 1886 aliwafikisha Rabai, bendera yao ikiwa na neno moja la msiba: Ikabodi. Nasi hapa Satellite tunamshukuru Mungu kwa makasisi, wasomaji, wazee wa kanisa na walimu wa kwaya waliobaki nasi siku ngumu.