Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Korti ya Kadhi ya Mombasa

Wazee wetu na wanachama waliokwisha kusoma hesabu za mfuko wa maziko katika kurasa zilizotangulia wanajua jinsi gharama za matanga zinavyoleta maneno katika mikutano yetu kila mwaka. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuandika humu maisha ya mtu mmoja wa mji huu wa Mombasa ambaye alilisema jambo hilo hilo zaidi ya miaka tisini iliyopita. Alilisema kwanza kwa kalamu. Kisha akapewa kiti cha hukumu, na yale aliyokuwa akiyaandika yakawa yanaletwa mbele yake na watu wenye haki zao. Naye ni marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi wa Mombasa, na baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya. Wengi wetu chamani si wa dini yake, lakini hatudhani ya kuwa jambo hilo litamzuia mtu kufaidika na habari zake.

Hatuwezi kumweleza kadhi bila ya kuieleza korti yake. Miji ya mwambao ilikuwa na makadhi karne nyingi kabla ya Waingereza kuja. Katika zama za Masultani wa Unguja kila mji mkubwa ulikuwa na Liwali wa kuuangalia na kadhi wa kuhukumu kwa sheria ya Kiislamu. Mwaka wa 1886 mataifa ya Ulaya yalikubaliana kwamba ukanda wa maili kumi kutoka baharini ni wa Sultani, na mwaka wa 1895 Sultani akawakabidhi Waingereza utawala wake, bendera yake ikabaki kupepea. Watu wa pwani waliahidiwa ya kuwa dini yao na sheria yao havitaguswa. Mwaka wa 1897 zikatungwa kanuni za korti, na Liwali, Kadhi na Mudiri wakawa watumishi wa serkali wenye mshahara na daraja. Ahadi ilitunzwa, lakini kwa kupunguzwa kidogo kidogo: mambo ya jinai na ya biashara yalikwenda kwa mahakimu wa Kizungu, na kadhi akaachiwa ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu, na asiyeridhika na hukumu aliweza kupeleka rufani katika korti kubwa. Hata hivyo mtu asidhani ya kuwa yaliyobaki ni madogo. Nyumba nyingi za Mji wa Kale hazikupata kumwona jaji maisha yao yote, lakini hapakuwa na nyumba isiyofiwa.

Sasa tumtazame mtu mwenyewe. Ukoo wa Mazrui ulitawala Mombasa kwa karibu miaka mia, mpaka mwaka wa 1837 Seyyid Said wa ukoo wa Busaidi alipouchukua mji, na wakubwa wao wakakamatwa na kupelekwa mbali. Waliosalia walihamia Takaungu na Gazi, na wengine wakabaki mjini wakashika elimu badala ya utawala. Baba yake Sheikh Al-Amin, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa, akafungwa na Seyyid Barghash kwa ajili ya mambo ya dini, asifunguliwe mpaka Sultani huyo alipokufa mwaka wa 1888. Mwaka wa 1895 Mbaruk bin Rashid wa Gazi alipigana na Waingereza, akashindwa, akakimbilia nchi ya Wajerumani. Katika nyumba yenye kumbukumbu hizo ndimo alimokulia Al-Amin, aliyezaliwa mwaka wa 1891. Kwamba mtoto wa ukoo uliopinduliwa na Masultani na kupigwa na Waingereza alikuja kuketi kuhukumu chini ya bendera ya Sultani, kwa mshahara wa serkali ya Kiingereza, ni jambo ambalo sisi hatuoni kama limepata kutazamwa vya kutosha.

Baba alifariki mwaka wa 1894, mtoto hajafikia hata umri wa kwenda chuoni. Alilelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye naye alikuja kuwa Kadhi Mkuu. Basi kazi ya kadhi aliijua tangu utotoni kwa kuiona nyumbani. Baadaye alivuka kwenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir, mabwana wawili ambao sifa zao zilienea pwani yote. Aliporudi alisomesha msikitini, tena akawa msomaji wa majarida yaliyotoka Misri, ambamo wanavyuoni wa huko walikuwa wakiuliza kwa nini Waislamu wamerudi nyuma.

Swali hilo hakuliacha Misri. Mwaka wa 1930 alianza kutoa karatasi ndogo aliyoiita Sahifa, na mwaka wa 1932 gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Hayakudumu miaka mingi, lakini yaliumiza wengi, kwa kuwa hakuwasema watu wa mbali; aliwasema jirani zake. Aliwalaumu matajiri waliouza mashamba na viwanja wakala thamani yake, na wazazi waliowanyima binti zao elimu. Vijana aliwalaumu kwa kuiga mavazi na starehe za Wazungu huku wakiuacha ujuzi wao na bidii yao, na serkali nayo kwa kuwapa watoto masomo yasiyokuwa na dini. Juu ya yote alikemea fedha zinazomwagwa katika arusi na matanga, ambapo mtu hukopa kwa kuogopa macho ya watu. Wapo waliomwona mkali mno. Sisi tuliomsoma katika kitabu cha Uwongozi, kilichokusanya baadhi ya makala zake na kutolewa mwaka wa 1944, twakiri ya kuwa ukali upo, lakini hatukuona mzaha wala chuki.

Mwaka huo huo wa 1932 akawekwa kuwa Kadhi wa Mombasa. Mtu aliyezoea kuukemea mji sasa alitakiwa kuwasikiliza watu wake mmoja mmoja, na kukemea si kuhukumu. Mwandishi huchagua la kusema. Kadhi husikiliza linaloletwa. Huja mwanamke ambaye mumewe amesafiri na kumwacha pasipo masurufu, akataka ndoa ivunjwe. Huja binti asiyekuwa na walii, akataka kadhi amwozeshe. Huja ndugu waliogombana juu ya nyumba ya baba yao. Haifai kuwahubiria hawa. Wataka haki zao, zilizokwisha kupimwa na sheria.

Katika mirathi ndiko makala zake na korti yake zilikokutana, nasi twawaomba wanachama walitazame jambo hili kwa makini. Kwa sheria ya Kiislamu, mali ya maiti hutolewa kwanza gharama za kumzika, nazo ziwe za kadiri. Kisha hulipwa madeni. Kisha wasia, usiopita thuluthi. Ndipo kinachosalia hugawanywa kwa warithi. Tuseme mtu amekufa akaacha mke, mtoto mwanamume na mtoto mwanamke. Mali iliyobaki hufanywa mafungu 24: mke hupata 3, mwana 14, binti 7. Karamu ya matanga haimo katika hesabu hiyo. Ikiwa watu wamekula siku nyingi kwa mali ya marehemu, walichokula ni katika mafungu hayo, na ikiwa watoto ni wadogo, basi ni mali ya yatima, ambayo hapana awezaye kuitolea ruhusa. Msomaji wa Sahifa aweza kuwa aliyaona haya kuwa mawaidha tu; mbele ya kadhi yalikuwa hesabu ya shilingi na senti.

Mwaka wa 1937 alipandishwa kuwa Kadhi Mkuu, akakaa katika cheo hicho miaka kumi. Kusomesha hakukuacha, wala kuandika. Alianza tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, asijaaliwe kuimaliza; na kwa Kiarabu aliandika tarikh ya ukoo wake na utawala wao wa Mombasa, ambayo haikupigwa chapa mpaka mwaka wa 1995. Alifariki mwaka wa 1947, umri wake miaka 56.

Korti yake haikufa naye. Uhuru ulipokaribia mwaka wa 1963, serkali za Kenya na Unguja zilipatana ukanda wa maili kumi uingie Kenya, nayo korti ya kadhi ilindwe. Sheria ya korti hizo ikatungwa mwaka wa 1967, na Katiba ya mwaka wa 2010 ikazitaja tena, kwa mambo yale yale ya ndoa, talaka na mirathi. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu tangu 1963 mpaka 1968, akafuatwa na Sheikh Abdalla Saleh Farsy wa Unguja, mtu wa njia ile ile.

Katika watoto wake alikuwamo Ali, aliyekuwa na miaka 14 baba yake alipofariki. Baba alitaka asome dini Misri. Haikuwa hivyo, kijana aliingia kazi ya ukarani hapa Mombasa, jambo ambalo sisi makarani twapenda kulikumbuka, kisha akaenda ng'ambo kusoma, akawa profesa wa Makerere na mwalimu mashuhuri Marekani. Alifariki huko mwezi wa Oktoba 2014, akaletwa kuzikwa katika makaburi ya ukoo wa Mazrui, karibu na Ngome ya Mombasa.