Ibn Majid, Mwalimu wa Bahari

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza jinsi kiambishi tamati -ni kinavyoifanya nomino ya kawaida kuwa nomino ya mahali. Kabla ya kuendelea na upatanisho wake, tutazame maisha ya mtu ambaye uhai wake ulitegemea pepo mbili, kaskazi na kusi.

Ahmad ibn Majid alizaliwa katika karne ya 15 huko Julfar, kwenye Ghuba ya Uajemi. Baba yake na babu yake walikuwa waongoza meli, naye akairithi kazi hiyo. Mwongoza meli aliitwa mu'allim, neno la Kiarabu lililotupatia mwalimu. Karibu na mwaka 1490 aliandika kitabu kikubwa cha elimu ya bahari. Tena alitunga shairi la kueleza njia ya kufika Sofala.

Elimu yake ilisimama juu ya majira, ambayo leo twazijua sababu zake. Kuanzia Desemba hadi Machi bara la Asia hupoa, mgandamizo wa hewa huongezeka, na hewa husukumwa kuelekea kusini penye mgandamizo mdogo. Kwa kuwa dunia huzunguka, hewa hiyo hupindishwa kuumeni katika nusu ya kaskazini ya dunia. Ndiyo maana kaskazi hutokea kaskazini-mashariki. Asia ipatapo joto, kusi huvuma, na hata mkondo wa bahari wa Somalia hubadili mwelekeo.

Aliyekosea majira alihatarisha roho za watu. Mwaka 1498 Vasco da Gama alitoka Malindi na rubani mjuzi, akafika India kwa muda usiotimia mwezi. Aliporudi bila kungoja kaskazi ikolee, alikaa baharini takriban miezi mitatu, na mabaharia wake wengi wakafa. Kwa muda mrefu Ibn Majid alilaumiwa kuwa ndiye rubani yule aliyewafungulia Wareno mlango. Lakini mwanahistoria Mreno João de Barros alimtaja rubani huyo kuwa Mgujarati.

Burundi haina bahari. Hata hivyo, tusemapo kuwa Muyinga iko kaskazini-mashariki mwa Gitega, tunautaja upepo wa mabaharia na kuutia kiambishi -ni. Basi tusiwakaririshe wanafunzi wetu maneno haya matupu: kaskazini ni itokako kaskazi, na kusini ni itokako kusi.