Gosse, Mwingereza aliyeileta bahari sebuleni

WENGI wetu tumewahi kusimama mbele ya tangi la kioo katika hoteli au ofisi fulani, tukawatazama samaki wa kila rangi wakizungukazunguka majini, kisha tukaenda zetu. Ni nadra mtu kujiuliza desturi hiyo ilianzia wapi. Ufugaji wa viumbe wa bahari nyumbani ulishika mizizi nchini Uingereza katikati ya karne ya 19, na jina linalofungamana nao zaidi ni la Philip Henry Gosse, aliyezaliwa mwaka 1810 na kufariki mwaka 1888.

Gosse hakuwa mtu wa ukwasi wala msomi wa chuo kikuu. Alikuwa mwana wa mchoraji maskini, aliyejifunza elimu ya viumbe kwa macho na mikono yake mwenyewe. Ndiye aliyelieneza neno akwariamu, na ndiye aliyewafunza maelfu ya watu jinsi ya kuteremka ufuoni maji yakipwa, kuchagua viumbe miambani na kuwaweka hai ndani ya nyumba. Hata hivyo, aliishi kuyaona matunda machungu ya kazi yake, kwani fuo alizozipenda zilikuja kufilisiwa na watu waliosoma vitabu vyake.

Utoto kando ya bahari

Gosse alizaliwa katika mji wa Worcester mnamo Aprili 6, 1810. Babake, Thomas, alikuwa akizurura mji hadi mji akichora picha ndogo ndogo za watu ili apate riziki. Familia ilipiga kambi Poole, mji wa bandari ulioko kusini mwa Uingereza, na huko ndiko mtoto huyo alikokulia.

Shangazi yake, Susan Bell, ndiye aliyemfungua macho. Mama huyo alivifahamu viumbe vya ufuoni, na akamwonyesha mpwa wake anemoni, mnyama laini anayeng'ang'ania mwambani. Maji yakijaa, anemoni hukunjua mikono yake mingi mithili ya ua. Yakipwa, hujikunyata akawa kama donge la utelezi. Mwanawe Susan, Thomas Bell, baadaye alikuwa profesa wa elimu ya wanyama jijini London.

Umaskini ulimtoa Gosse shuleni mapema. Mwaka 1827, akiwa na umri wa miaka 17, alivuka bahari ya Atlantiki hadi Carbonear katika kisiwa cha Newfoundland, akawa karani wa kampuni iliyofanya biashara ya samaki na mafuta ya sili. Mwaka 1832 alinunua kitabu cha kale kuhusu hadubini, na tangu siku hiyo wadudu wakawa shughuli yake kila alipotoka kazini. Mwaka uo huo aliishika dini kwa dhati, na imani hiyo haikumtoka hadi kaburini.

Tangatanga ughaibuni

Mwaka 1835 alihamia Compton, Canada, akijaribu ukulima. Shamba lilimshinda. Mwaka 1838 alielekea Alabama, kusini mwa Marekani, akafunza watoto wa wenye mashamba makubwa ya pamba. Huko alishuhudia utumwa ukitendeka mchana peupe, nao ukamtia uchungu mkubwa. Hakumaliza mwaka mmoja. Alirejea Uingereza mnamo 1839 mfuko ukiwa mtupu, ila sanduku lake lilijaa michoro na maandishi.

Kitabu chake cha kwanza, The Canadian Naturalist, kilitoka mwaka 1840. Mwishoni mwa 1844 alifika Jamaica, akakaa huko hadi 1846 akikusanya ndege na wanyama wengine. Hakuifanya kazi hiyo peke yake. Samuel Campbell, kijana mweusi wa kisiwa hicho, alikuwa msaidizi wake msituni, naye Richard Hill, hakimu na mtaalamu wa viumbe mzaliwa wa Jamaica, alimpa maarifa mengi. Kitabu cha ndege wa Jamaica kilipochapishwa mwaka 1847, jina la Hill liliandikwa kwenye ukurasa wa mbele kuwa ndiye aliyemsaidia mwandishi.

Mwaka 1848 alimwoa Emily Bowes, mwandishi wa vijitabu vya dini na mshairi. Mwana wao wa pekee, Edmund, alizaliwa Septemba 1849.

Maradhi yampeleka pwani

Kuandika usiku na mchana kulimdhoofisha Gosse. Mapema mwaka 1852 aliondoka London kwenda Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, ili apate nafuu. Alikaa kwanza St Marychurch, kisha Ilfracombe. Badala ya kupumzika, alikuwa akishuka majabalini kila maji yalipopwa, nyundo na tindo mkononi, na kikapu chenye mitungi begani. Alipenda zaidi siku za bamvua, wakati maji yanaporudi mbali na kuiacha wazi miamba ambayo kwa kawaida haionekani.

Viumbe aliowaokota aliwaweka katika vyombo vya kioo chumbani mwake ili awachore wangali hai. Tatizo lililomkabili ni lile lililowakabili wengine kabla yake: baada ya siku chache maji yalichafuka, na viumbe wakafa.

Ni haki kusema kwamba Gosse hakuwa wa kwanza kulishughulikia jambo hili. Jeanne Villepreux-Power, mwanamke Mfaransa, alikuwa ametumia matangi kuchunguza viumbe wa bahari huko Messina, Sicily, katika miaka ya 1830. Anna Thynne aliweka matumbawe hai mjini London kuanzia 1846, maji yakimiminwa kutoka chombo kimoja hadi kingine ili yapate hewa. Naye mkemia Robert Warington alikuwa amethibitisha kwamba mimea na wanyama waweza kusaidiana ndani ya chombo kimoja. Mgala muue na haki yake mpe. Mchango wa Gosse ulikuwa kuyaunganisha maarifa hayo, kuyafanyia majaribio yeye mwenyewe, na kuyaeleza kwa lugha ambayo kila msomaji aliielewa.

Siri ya tangi

Msingi wa ufugaji huo ni mlingano. Mnyama huvuta oksijeni na kutoa hewa chafu. Mwani, ukipata mwangaza, huichukua hewa ile chafu na kurudisha oksijeni majini. Vikiwekwa kwa kadiri, kimoja hukiponya kingine. Wanyama wakizidi, wote huangamia.

Kwa hivyo Gosse aliwashauri wafugaji waanze na mwani kabla ya wanyama. Mwani hauna mizizi kama mchicha, bali hushikilia jiwe. Kuung'oa ni kuuua. Sharti lichongwe kipande cha mwamba wenyewe, mwani ukiwa juu yake, nacho kiwekwe tangini kama kilivyo. Alipendelea mwani wa kijani na aina fulani za mwekundu. Ule mkubwa wa rangi ya hudhurungi aliukwepa, kwa sababu hutoa utelezi unaoharibu maji.

Kisha huja wanyama, nao wachache. Konokono wadogo wa miambani walikuwa wafagiaji wake, wakila ukungu wa kijani unaotanda kwenye kioo. Anemoni, uduvi na kaa wale wanaoishi ndani ya makombe ya konokono walitosha kumpa mtu burudani ya mwaka mzima. Aliyekufa alipaswa kuondolewa upesi, kwa maana mzoga mmoja huweza kuwaua walio hai wote. Aidha, chombo kidogo kilichotundikwa juu na kudondosha maji tone kwa tone kiliongeza hewa tangini.

Jambo la joto lilihitaji uangalifu mkubwa. Bahari ya Uingereza ni baridi, na viumbe wake wamezoea hali hiyo. Isitoshe, maji yakipata moto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi. Tangi lililoachwa dirishani juani wakati wa kiangazi liligeuka jiko. Ndiyo sababu wafugaji walihimizwa kuliweka mahali penye mwangaza wa kiasi na kulifunika jua likiwa kali. Siku hizi wafugaji wa viumbe wa bahari baridi hutumia mashine za kupoza maji, ilhali Gosse alitegemea kivuli na akili yake.

Je, aliyekuwa mbali na bahari afanyeje? Mwaka 1854 Gosse alitengeneza maji ya bahari ya bandia. Kwa maji yasiyotimia lita 4 na nusu alitia takriban gramu 100 za chumvi ya kawaida, gramu 7 za chumvi ya Epsom, na kiasi kidogo cha kloridi ya magnesi na ya potasi. Aliyaacha siku kadhaa yakiwa na mwani kabla ya kuwatia wanyama, nao wakaishi. Tangu hapo mkazi wa London hakulazimika kusubiri mapipa ya maji kutoka pwani.

Wimbi la mashabiki

Mwezi Mei 1853, bustani ya wanyama ya Regent's Park jijini London ilifungua jumba la viumbe wa majini, la kwanza la aina yake kwa umma. Gosse alikuwa miongoni mwa waliolipelekea viumbe, akiwakusanya Weymouth. Mwaka uo huo kilitoka kitabu chake kuhusu fuo za Devon, na mwaka 1854 kikafuata The Aquarium, chenye picha za rangi alizozichora mwenyewe. Kilinunuliwa kwa pupa.

Mambo mengi yalikuwa yameiandaa njia. Ushuru wa vioo ulikuwa umefutwa mwaka 1845, hivyo kioo kikawa nafuu. Reli zilikuwa zimefika miji ya pwani, na familia za tabaka la kati zikawa zinakwenda huko likizoni. Mfanyabiashara William Alford Lloyd alifungua duka London, akauza matangi na viumbe hai waliosafirishwa kwa treni. Mwaka 1855 Gosse mwenyewe aliongoza madarasa ya ufuoni huko Ilfracombe, mabibi na mabwana wakimfuata miambani. Mwaka 1856 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima kubwa kwa mtu ambaye hakukanyaga chuo kikuu.

Msiba na kitabu kilichokataliwa

Neema haikudumu. Mnamo Februari 1857, Emily alifariki kwa saratani ya matiti. Edmund alikuwa na umri wa miaka saba.

Mwaka huo huo Gosse alichapisha Omphalos, neno la Kigiriki lenye maana ya kitovu. Wanajiolojia walikuwa wakionyesha kwamba dunia ina umri mrefu mno, naye aliamini kila neno la kitabu cha Mwanzo. Alijaribu kupatanisha pande hizo mbili kwa kudai kwamba Mungu aliiumba dunia ikiwa tayari na dalili za ukale, kama vile Adamu alivyoweza kuumbwa na kitovu ingawa hakuzaliwa na mama. Wanasayansi waliikataa hoja hiyo, na waumini nao hawakuipenda, maana ilielekea kumfanya Mungu mdanganyifu. Kitabu kikadoda madukani. Miaka miwili baadaye, Charles Darwin, aliyekuwa akiandikiana naye barua, alichapisha nadharia yake ya chanzo cha spishi, na ulimwengu wa elimu ukaelekea njia nyingine.

Gosse alihamia St Marychurch na mwanawe, akaongoza kanisa dogo la waumini wenzake wa kundi la Brethren, na kurudi kwenye viumbe wake. Kitabu chake kuhusu anemoni na matumbawe ya Uingereza, kilichokamilika mwaka 1860, kiliheshimiwa na wataalamu kwa miongo mingi. Mwaka huo alimwoa Eliza Brightwen.

Fuo zafilisiwa

Wakati huo tayari madhara yalikuwa yakionekana. Makundi ya watu yaliyojihami kwa nyundo na ndoo yalivamia fuo za Devon na kwingineko. Miamba ilivunjwa, vidimbwi vikakombwa. Wengi hawakuyasoma maonyo kuhusu uchache. Walijaza matangi, viumbe wakafa kwa wiki moja, nao wakarudi ufuoni kuchukua wengine. Baada ya miaka michache mtindo ulipita, na matangi mengi yakatupwa.

Edmund, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, alisimulia katika kitabu chake Father and Son cha mwaka 1907 jinsi vidimbwi alivyovijua utotoni, vilivyojaa uhai na rangi, vilivyobaki uchi. Alieleza kwamba babake alihuzunika mno kutambua kuwa vitabu vyake, alivyoviandika kwa mapenzi, ndivyo vilivyowaonyesha njia waporaji.

Gosse hakuacha kazi. Katika uzee wake alifuga okidi na kuchunguza viumbe wadogo mno wa majini kwa hadubini, na mwaka 1886 akatoa pamoja na Charles Thomas Hudson kitabu kikubwa kuwahusu. Alifariki Agosti 23, 1888, akiwa na umri wa miaka 78.

Kisa hiki hakiko mbali nasi. Kenya ilitenga hifadhi zake za kwanza za baharini, Malindi na Watamu, mwaka 1968, na katika mbuga hizo ni marufuku kuondoa kombe, tumbawe au kiumbe hai. Nje ya mipaka hiyo, samaki wa mapambo wa pwani yetu huvuliwa na kuuzwa ng'ambo, wakaishie katika matangi ya vioo. Biashara hiyo huwalisha watu, nayo haina ubaya ikifanywa kwa kadiri.

Kadiri ndiyo iliyokuwa kanuni ya kwanza ya Gosse ndani ya tangi. Alijua kwamba maji machache hayawezi kubeba uhai usio na kikomo. Wasomaji wake walidhani ufuo hauna kanuni hiyo, na waligundua ukweli vidimbwi vilipokuwa vimekwisha kukombwa.