Edison na Maili Moja ya Zege

Mwulize mwanafunzi yeyote wa shule ya upili Thomas Alva Edison alikuwa nani, naye atakujibu pasi na kusita kwamba ndiye aliyeuletea ulimwengu taa ya umeme. Akiwa msomaji hodari ataongeza mashine ya kunasa sauti. Ni wachache mno watakaokumbuka kwamba bwana huyo huyo alitumia miaka mingi ya utu uzima wake akihangaika na saruji, na kwamba mwaka 1912 maili moja ya barabara ilitandazwa zege la saruji yake katika jimbo la New Jersey, nchini Marekani. Sehemu hii ya maisha yake, ambayo vitabu vya shule huiruka, ndiyo ninayoiona kuwa na faida zaidi kwetu sisi ambao kila baada ya masika huhesabu mashimo barabarani.

Edison alizaliwa tarehe 11 Februari 1847 katika mji wa Milan, jimboni Ohio. Shuleni hakukaa sana. Mamake, Nancy, ambaye aliwahi kuwa mwalimu, ndiye aliyemsomesha nyumbani. (Walimu wenzangu wasilipite jambo hilo kwa haraka.) Masikio yake yalikuwa mazito tangu ujana. Aliuza magazeti ndani ya garimoshi, akajifunza kazi ya kupeleka simu za maandishi, na kufikia mwaka 1882 alikuwa tayari amekwisha kuwasha taa za umeme katika sehemu ya jiji la New York. Hayo yanajulikana, wala sina haja ya kuyakariri.

Kisichojulikana ni anguko lake. Katika miaka ya 1890 aliamini kwamba angeweza kuyasaga majabali ya Ogdensburg, New Jersey, na kuunyofoa unga wa chuma kwa sumaku. Alijenga mitambo mikubwa ya kupondea mawe na kumwaga humo fedha alizochuma katika biashara ya umeme. Kumbe huko Minnesota, katika milima ya Mesabi, kulikuwa na madini ya chuma mengi na bora, tena yaliyochimbwa kwa gharama ndogo. Bei ikaporomoka, na mradi ukafa kabla ya karne kwisha, pamoja na dola zipatazo milioni mbili. Kumi ya miaka bora ya mtu ilikwenda na maji.

Edison hakukaa chini akalia. Aliangalia alichosalia nacho: mashine za kupondea mawe, maarifa ya kuzitumia, na ukumbusho kwamba mchanga uliobaki baada ya chuma kutolewa alikuwa akiwauzia watengenezaji wa saruji. Mwaka 1899 akaunda kampuni ya Edison Portland Cement na kujenga kiwanda karibu na Stewartsville, jimboni humo humo.

Saruji, au simiti kama wengi wetu tuiitavyo, haina uchawi. Mawe ya chokaa husagwa pamoja na udongo, yakachomwa katika tanuri kwa joto la nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi, yakatoka vinundu vigumu ambavyo husagwa tena pamoja na jasi kidogo. Matanuri ya siku zile yalikuwa mapipa marefu ya chuma yaliyolazwa kwa kuinamishwa kidogo, yakizunguka polepole, na urefu wake wa kawaida ulikuwa kama futi 60. Edison aliunda la futi 150. Wengi walilitilia shaka, lakini lilifaulu, na watengenezaji wengine wakalipia haki ya kuliiga. Hapo ndipo ufanisi ulipomgeukia mwenyewe: saruji ilifurika sokoni, bei ikaanguka, na kampuni yake ikakawia sana kuonja faida. Tena kazi ile ilikuwa na mauti ndani yake. Mwaka 1903 vumbi la makaa ya mawe lililipuka kiwandani na kuwaua wafanyakazi kadhaa. Masimulizi ya sifa zake aghalabu huwasahau watu hao.

Mwenye shehena isiyonunuliwa hutafuta matumizi yake. Edison alibuni nyumba ya kumiminwa zege katika kalibu za chuma kwa mkupuo mmoja, ngazi na vyumba vyote, ili mfanyakazi wa kipato kidogo apate makao. Zilijengwa chache tu, kwa kuwa kalibu hizo zilikuwa ghali na vipande vyake havihesabiki. Alitaka hata fanicha iwe ya zege. Huko nadhani alikwenda mbali mno.

Barabara ndiyo iliyokuwa na busara, ingawa wazo hilo halikuwa lake. Mwaka 1891, katika mji wa Bellefontaine, Ohio, George Bartholomew alipewa ruhusa ya kutandaza zege barabarani kwa sharti kwamba aweke dhamana ya dola 5,000, na kwamba barabara idumu miaka mitano. Ilidumu zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1909 maili moja ya Woodward Avenue, karibu na Detroit, ikafuata. Ile ya New Jersey, karibu na New Village, haikuwa mbali na matanuri ya Edison, na iliendelea kuhudumia magari kwa makumi ya miaka baada ya yeye kufariki.

Sababu ya udumifu huo ni rahisi kueleza darasani. Lami ni laini. Hulala juu ya tabaka za kokoto na kuupokeza uzito wa gurudumu mahali pale pale lilipokanyaga, na siku ya jua kali, chini ya lori linalopanda mlima kwa kujikokota, hubonyea na kuacha mifereji. Bamba la zege ni gumu. Huusambaza uzito ule juu ya eneo kubwa la ardhi. Hata hivyo, zege lina masharti. Hupanuka kwa joto na kunywea kwa baridi, kwa hiyo sharti likatwe mianya iliyopimwa, la sivyo litajikatia nyufa lenyewe popote lipendapo. Sharti linyweshwe maji na kufunikwa siku kadhaa kabla ya gari kupita. Bamba likivunjika hukatwa lote na kumiminwa jipya. Si kazi ya kumwaga kifusi cha udongo jioni na kwenda zetu. Hata barabara ya lami iliyochakaa yaweza kusagwa papo hapo, ikachanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa, ikawa msingi wa barabara mpya.

Humu nchini mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilitufunza msingi usio imara ni kitu gani. Nairobi nayo ina Mbagathi Way iliyojengwa kwa zege, na apitaye hapo anaweza kuilinganisha na jirani zake. Sisemi kila njia ya kijijini itiwe zege. Fedha hazitoshi, na utengenezaji wa saruji hutoa hewa nyingi ya kaboni inayolipasha joto anga. Nasema penye vituo vya mabasi, mizunguko, na miinuko ya malori, pale tunapoziba shimo lile lile mwaka hadi mwaka, hesabu ifanywe ya miaka 30 badala ya ile ya zabuni moja. Wanafunzi wa hisabati wanaweza kuifanya wao wenyewe: gharama ya leo upande mmoja, na ukarabati wote wa baadaye upande wa pili.

Tarehe 9 Desemba 1914 moto uliyateketeza majengo ya Edison huko West Orange. Yale ya zege, yaliyosifiwa kuwa hayaungui, yaliungua kila kilichokuwamo, ila nguzo na kuta zake nyingi zilisimama. Mzee huyo wa miaka 67 aliyafagia, akayakarabati na kurejea kazini humo humo. Saruji ya kampuni yake ilitumika pia kuujenga uwanja wa Yankee mjini New York, uliofunguliwa mwaka 1923. Alifariki tarehe 18 Oktoba 1931, na Wamarekani wengi wakazima taa zao kwa dakika moja kumwomboleza.