Kidole Kimoja: Maisha ya Pio Gama Pinto

Kwetu Majengo huwa tunatazama habari kabla ya kula. Tangu vita vya Sudan vilipozuka Aprili 2023, nimeona nyumba zikichomwa na akina mama wakikimbia na watoto mgongoni. Nami nimekaa tu, sahani mkononi. Nifanye nini mimi, mwanafunzi ambaye hata nauli huomba? Wahenga walinena kidole kimoja hakivunji chawa. Basi nilipotakiwa kuandika habari za shujaa, nilimtafuta mtu aliyekumbana na jambo kama hili. Kumbe alikuwa wa papa hapa Nairobi!

Pio Gama Pinto alizaliwa Nairobi tarehe 31 Machi 1927, wazazi wake wakiwa Wagoa. Alisomea India, akarudi Kenya 1949. Angeweza kutulia, maana ubaguzi wa siku zile ulimweka Mhindi juu ya Mwafrika. Hakutulia ng'o! Alijifunza Kiswahili, akaingia katika uandishi wa magazeti na siasa za kudai uhuru.

Oktoba 1952 wakoloni walitangaza hali ya hatari. Watu walipigwa na kufungwa bila kesi. Pinto hakuwa na jeshi. Alitafuta mawakili wa kuwatetea walioshtakiwa, akakusanya habari za mateso na kuzipeleka ng'ambo ili zijulikane. Wapiganaji wa msituni nao aliwasaidia kwa siri.

Tarehe 24 Aprili 1954 ilianza Operesheni Anvil. Nyanya yangu husimulia aliyoyasikia kwa mamake: askari waliizunguka mitaa ya Waafrika alfajiri, wanaume wakapangwa mistari mbele ya watu waliofunikwa magunia usoni. Gunia likitingisha kichwa, basi, umekwenda. Zaidi ya watu 20,000 walitiwa kizuizini. Mwezi Juni Pinto naye akakamatwa, miezi mitano tu baada ya kumwoa Emma. Alipelekwa kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, kisha Kabarnet, hadi 1959.

Alipoachiliwa hakupumzika. Alichanga pesa za kuzisaidia familia za waliokuwa vizuizini, akaendesha magazeti ya wananchi, na mwaka 1964 akawa mbunge. Tarehe 24 Februari 1965 alipigwa risasi garini mwake, penye lango la nyumba yake Westlands, binti yake mdogo akiwa humo garini. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Sasa, alizuia nini? Nakiri swali hili lilinisumbua. Anvil hakuizuia. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa kambini Hola, naye bado hajaachiliwa. Lakini tazama yaliyofuata. Serikali ilidai kwanza eti walikufa baada ya kunywa maji. Ukweli ulipotoka, Bunge la Uingereza lilitikisika, na siku za kambi zile zikaanza kuhesabika. Mwaka 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa fidia wazee 5,228 walioteswa. Walishinda kwa kuwa yaliyotendeka yalikuwa yameandikwa, na wao wenyewe hawakunyamaza.

Hapo ndipo nilipomwelewa Pinto. Mtesaji huomba mambo mawili: watu wasijue, na aliyeteswa abaki peke yake. Pinto aliyakataa yote mawili, kwa kalamu na kwa michango ya shilingi chache chache. Kazi kama hiyo haihitaji jeshi.

Ndugu msomaji, katika darasa letu yuko mwenzetu aliyeikimbia vita kwao. Tumekaa naye mwaka mzima, na sijawahi kumwuliza hata jina la kijiji chao. Nilikuwa nikilia na televisheni huku yeye yuko dawati la nyuma! Nimeona aibu. Muhula ujao nitahamia dawati lake, na akitaka kusimulia, nitasikiliza, akiniruhusu, nitaandika.

Kweli kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini kinaweza kuonyesha alipo.